Reading, Milton Keynes, Leicester au Aberdeen: uchague mji upi ukihamia Uingereza na mtoto wa sekondari

Juzi kati dada mmoja tuliyesoma naye unesi kanipigia simu kutoka Dar, kapata ofa mbili za kazi kwa mpigo, moja Reading na moja Aberdeen, na kuna ya tatu ya Leicester bado wanamsubirisha, anataka kujua wapi nyumba ni nafuu. Nikamwambia mwenzangu, nyumba tutafika, kwanza niambie mwanao kazaliwa mwezi gani. Akanyamaza kidogo, akasema Juni 2010, yuko form three, kwani vipi. Tukaongea mpaka chaji ikaisha.

Naandika haya kwa sababu mi nilikosea hapohapo. Nilikuja Agosti 2021 na binti yangu wa miaka 13, tukaanzia Reading kwa sababu kazi ya kwanza kujibu ilikuwa ya upande huo, mwaka mmoja baadaye tukahamia Leicester na ndo tupo mpaka leo. Mdogo wangu yuko Aberdeen, kule Scotland, na mumewe na kijana wao. Rafiki yangu tuliyefanya naye kazi Reading alihamia Milton Keynes na vijana wawili. Kwa hiyo miji hii minne naifahamu kwa kuishi, kulala kwa ndugu na kukaa jikoni kwa watu, siyo kwa picha. Mingine kama Birmingham na Manchester watakuambia wanaoishi huko.

Umri kabla ya kitu chochote

Sie nyumbani tumezoea mtoto anaingia darasa kulingana na alipoishia. Alikuwa form two, basi atafanyiwa intavyuu, akizidiwa anarudishwa form one, maisha yanaendelea. Huku sivyo. England mtoto anapangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, mstari ni tarehe 1 Septemba, aliyezaliwa tarehe 31 Agosti na aliyezaliwa kesho yake wanapishana darasa zima, na ni nadra sana shule kukubali kumrudisha nyuma hata ukiwaomba vipi. Mwaka wa shule unaanza Septemba. Year 9 ni miaka 13 kwenda 14, Year 10 ni 14 kwenda 15, Year 11 ni 15 kwenda 16, na mwisho wa Year 11, mwezi wa 5 na wa 6, ndo GCSE, mtihani ambao kwa uzito wake mchukulie kama form four yetu.

Sasa tatizo ni kwamba GCSE inasomwa miaka miwili, Year 10 na 11, masomo ya kuchagua yanachaguliwa Year 9, na bodi za mitihani ni zaidi ya moja, shule hii inatumia AQA, ile Edexcel, nyingine OCR, vitabu vya fasihi wanavyosoma vinaweza kuwa tofauti hata kama shule zinatazamana. Binti yangu alichagua jiografia akiwa Reading, tulipohamia Leicester kundi la jiografia limejaa, akapewa historia. Alilia siku mbili. Na huyo alihama wakati mzuri kabisa, likizo ya kiangazi kati ya Year 9 na Year 10, fikiria anayehama Februari ya Year 11.

Ndo maana nikamwuliza mwenzangu mwezi wa kuzaliwa. Juni 2010, akifika England Januari 2026 anaingia Year 11 moja kwa moja. Miezi minne baadaye yuko chumba cha mtihani, fizikia ya miaka miwili kaisikia kwa wiki kumi na tano. Asipopata angalau daraja la 4 kwenye Kiingereza na hesabu itabidi aendelee kuyasoma hayo masomo huko atakakokwenda baada ya 16, maana England kijana lazima awe kwenye masomo au mafunzo mpaka afike 18. Kuna vyuo vinavyofundisha GCSE kwa mwaka mmoja, kwa hiyo siyo mwisho wa dunia, ila anaingia chuo cha watu asiowajua, nchi asiyoijua, akiwa tayari anajiona kafeli, na wewe uko zamu.

Scotland ni mfumo mwingine kabisa na watu wetu wengi hawajui, wanadhani Uingereza ni moja. Huko sekondari ni S1 mpaka S6. Mstari wa umri ni mwisho wa Februari, siyo Agosti. Mwaka unaanza katikati ya Agosti. S4 wanafanya National 5 (mtihani wa ngazi ya GCSE), S5 wanafanya Higher (wa kuombea chuo kikuu), S6 wanaongeza Higher nyingine au Advanced Higher, na uzuri wenyewe ni kwamba mtoto anabaki shule ileile, walimu walewale, na National 5 aliyoikosa S4 anaweza kuifanya S5 huku akichukua Higher za masomo anayoyaweza. Vyuo vikuu huko vinaangalia zaidi Higher. Kuna hata National 5 na Higher ya Kiingereza kwa watoto ambao Kiingereza siyo lugha yao ya nyumbani. Mtoto wa mdogo wangu alifika S4 mwezi wa 10, National 5 alipata tatu tu, mama yake alininyima usingizi kwa simu. S5 akafanya National 5 nyingine mbili na Higher tatu. Hakuna aliyemwambia karudia darasa, kwenye ile shule kila mtu wa S5 ana mchanganyiko wake.

Kwa hiyo kama unataka kipimo cha haraka: mtoto wa miaka 11, 12 au 13, nenda popote kati ya hii minne, ana muda. Miaka 14 anayewahi Septemba ya Year 10, England inawezekana ila chagua mji utakaokaa, usiuchukue kama kituo cha kupitia. Miaka 15 na kuendelea, mi naiweka Aberdeen juu ya zote tatu, pamoja na baridi lake. Na kama mtoto yuko shule za IGCSE, yaani GCSE ya kimataifa, huko Dar au Arusha au Nairobi, huyo ana nafuu kubwa, silabasi zinafanana, hata Year 10 katikati anaweza kudaka.

Halafu ukifika, usisubiri. Omba nafasi ya shule siku uliyopata anwani. Sisi Reading tulikaa wiki tano nyumbani kwa sababu shule za karibu zilishajaa, mtoto anaangalia dirisha tu. Na usibabaike na zile shule mbili maarufu za Reading, Reading School ya wavulana na Kendrick ya wasichana, ni za mchujo, mlango mkubwa ni mtihani wa miaka 11, mlango mwingine ni sixth form, yaani madarasa ya A level, baada ya GCSE. Watu wanahamia Reading kwa ajili ya hizo na mtoto ana miaka 14, wanakuta pamefungwa.

Nyumba, kwa kifupi

Reading ndo ghali kuliko zote, hakuna mashindano. Iko karibu na London, treni ya haraka mpaka Paddington kama dakika 25, na makampuni ya teknolojia yamejazana pale. Chumba na sebule tulichokaa mimi na binti ndo kilichokula nusu ya mshahara wangu, yeye analala chumbani mi nalala sebuleni, mtoto wa miaka 13 anahitaji mlango wa kufunga. Milton Keynes inafuata, nafuu kidogo lakini siyo sana. Leicester ni nafuu ya wazi. Aberdeen ndo ya chini kati ya nne, mji ulijengeka kwa hela ya mafuta ya bahari ya kaskazini, bei ya mafuta ilipoanguka 2014 kodi za nyumba nazo zikashuka na hazijawahi kurudi zilipokuwa. Mdogo wangu ana vyumba vitatu kwa hela ambayo Reading ni kimoja.

Kumbuka mshahara wa nesi wa NHS, huduma ya afya ya serikali, ni mmoja England yote, nyongeza ni kwa London na viunga vyake tu. Yaani band 5 (ngazi ya mshahara anayoanzia nesi) wa Reading na band 5 wa Leicester kwa mwaka 2025/26 walianza na £31,049 ileile, ila mmoja anabaki na hela mwisho wa mwezi na mwingine hana. Scotland band 5 mwaka huohuo alianza na £33,247. Kodi ya mapato ya Scotland ina ngazi zake na ukipanda cheo inauma kidogo, lakini kwa nesi anayeanza bado anatoka mbele.

Dipoziti England haitakiwi kuzidi wiki tano za kodi, Scotland inaweza kufika miezi miwili, jiandae. Ila Scotland mkataba wa nyumba hauna tarehe ya mwisho tangu sheria ya Desemba 2017, mwenye nyumba hawezi kukuambia tu mwaka umeisha hamia, na ukiwa na mtoto wa mitihani hilo ni jambo zito. Na kule bili ya kaunsili taksi, kodi ya manispaa, ina maji ndani yake, kwa hiyo ukilinganisha usishtuke ukiona namba.

Kijana anatembeaje wewe ukiwa kazini

Hapa naomba usome taratibu kwa sababu hakuna aliyeniambia. Shifti ndefu ni saa 1 na nusu asubuhi mpaka saa 2 usiku. Ukiondoka yeye bado kalala, ukirudi kashakula. Hakuna bibi, hakuna shangazi, hakuna dada wa kazi, hakuna jirani wa kumwambia niangalizie. Kwa hiyo mji mzuri kwa kijana ni ule ambao anaweza kutoka nyumbani peke yake, akafika sehemu yenye watu wa rika lake, akarudi salama, bila gari lako.

Milton Keynes ndo imenishangaza zaidi kwa hili, kwa mazuri na mabaya yake. Mji ulitangazwa 1967, ukachorwa kwenye karatasi kwanza ndo ukajengwa, barabara kubwa zimekatana kama daftari la hesabu, za mlalo zina herufi H na za wima V, vipilefti vimezidi mia moja, ukiendesha siku ya kwanza unatamani kulia. Lakini pembeni kuna njia nyekundu za baiskeli na miguu, zaidi ya kilomita 300, zinapita chini ya barabara hizo kubwa, mtoto anaweza kutoka nyumbani mpaka shule bila kuvuka hata moja ya hizo barabara kubwa. Vijana wa rafiki yangu walinunuliwa baiskeli za mtumba wiki ya pili, mchana huwaoni, ziwani, kwenye uwanja wa skuta, mjini kule kwenye mlima wa theluji wa ndani. Ni mji wa familia changa, watoto wamejaa, Waafrika ni wengi, shule zake nyingi zinapokea bila mchujo na zina sixth form humohumo, kwa hiyo hahami tena akiwa na 16.

Ubaya ni jioni. Saa 12 ya Novemba zile njia nyekundu hazina mtu, nyumba zimegeuzia mgongo barabara, unapita chini ya daraja peke yako na mwangwi wa viatu vyako. Rafiki yangu ana mvulana wa 16 na msichana wa 13, mvulana anarudi mwenyewe kutoka mpira, msichana lazima afuatwe, na kufuatwa maana yake gari, gari maana yake bima, na bima ya mgeni mwenye leseni mpya hapa ni hela ya kutisha. Ukienda Milton Keynes bila mpango wa gari, chagua nyumba kwanza kwa kuangalia basi la jioni.

Reading kwa mabasi hakuna wa kuigusa. Kampuni ya mabasi ni ya manispaa yenyewe, yanakuja kila dakika chache, yana rangi tofauti kwa kila njia kiasi kwamba binti yangu alijifunza mji kwa rangi, alikuwa anasema mama nimepanda la zambarau niko salama. Mjini kuna mto, kuna maduka ya Oracle, kuna watu mpaka usiku. Kama kodi isingekuwa ile tungebaki.

Leicester mabasi ni ya kawaida, ila mji wenyewe umeshikana, kutoka mitaa kama Highfields au Clarendon Park mpaka mnara wa saa katikati ya mji ni mwendo wa miguu. England nzima kwa sasa nauli ya basi ina kikomo cha £3 kwa safari. Aberdeen ni bure. Nasema bure kweli, tangu 31 Januari 2022 kijana yeyote mkazi wa Scotland aliye chini ya miaka 22 anapanda basi bure nchi nzima, anapewa kadi. Mtoto wa mdogo wangu alishaenda mpaka Inverness na wenzake kwa kadi hiyo, mama yake hana habari mpaka anatumiwa picha. Ukihesabu £3 mara mbili kwa siku za shule utaona ni kiasi gani kimebaki mfukoni.

Watu, chakula, na mtoto kujiona yuko wapi

Leicester nitaipendelea hapa na siombi radhi. Sensa ya 2021 hakuna kundi lililofika nusu ya wakazi, Waasia 43 kwa mia, wazungu 41, waliobaki ni sisi na wengine wote. Na Waasia wenyewe wengi wao ni wa kwetu. Baada ya Idi Amin kuwapa siku 90 mwaka 1972, baraza la mji la Leicester lililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije, mji umejaa, na bado wakaja, na kabla yao walishakuja wa Kenya, na wa Zanzibar na Tanganyika nao wapo. Leo ndo wameushika uchumi wa Belgrave Road, barabara ya maduka yao.

Wiki ya kwanza niliingia duka la mboga pale Belgrave natafuta bamia, kuna mzee kakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kaunta, kofia ya sufu, mikono mifukoni. Nikamwambia binti kwa Kiswahili, chukua ule muhogo chini, huo wa juu umekauka. Yule mzee akainua kichwa akasema, "Mama, usichukue huo, ngoja nikuletee mwingine, huo wa jana." Binti yangu akaganda. Mzee kazaliwa Mwanza, kaondoka kijana, hajarudi tena, Kiswahili chake cha zamani kimenyooka kuliko cha mwanangu. Akatuuliza samaki wa ziwani bado watamu. Siku hiyo binti alitembea mpaka kituo cha basi akiongea Kiswahili kwa sauti barabarani, kitu ambacho Reading aliacha mwezi wa pili, akawa ananijibu Kiingereza hata nyumbani mlango ukifungwa. Kwenye menyu za hoteli huku wanaandika mogo, ndo muhogo wetu, wa kukaanga na pilipili. Unga wa sembe, mchicha, mbaazi, ndizi za kupika, vyote vipo, Jumamosi sokoni unapata embe.

Mi siyo wa kukaa nawaza asili kila saa. Ila mtoto wa miaka 14 akiwa peke yake mweusi kwenye darasa, au peke yake mwenye hijabu, anapoteza nguvu nyingi kueleza yeye ni nani kabla hajafungua daftari. Leicester hakuna anayemwuliza. Misikiti ipo ya kutosha, makanisa ya Waafrika yapo. Sekondari nyingi za jiji zinaishia Year 11, halafu wanakwenda sixth form college kama Wyggeston and Queen Elizabeth I, ambayo watu wanaiita WQE, iko jirani na chuo kikuu, binti yangu yuko huko A level, kakutana na watoto wa kila shule ya mji na ile ya kuwa mgeni ikafutika kwa sababu wote walianza upya siku moja.

Reading Waafrika wapo, watu wa visiwa vya Karibi hasa Barbados wapo tangu zamani, vyakula vyetu vinapatikana, ila kila mtu ana haraka na treni yake. Milton Keynes utapata marafiki kupitia shule na kanisa. Aberdeen Waafrika wengi ni Wanigeria waliokuja na mafuta na vyuo, Waswahili unawahesabu kwa vidole, mdogo wangu sembe anabebewa na mimi kwenye begi. Na Kiingereza chao, jamani. Mtoto kafika na Kiingereza chake cha shule ya inglishi midiamu, siku ya kwanza mwenzie anamwambia "fit like, loon?" kumbe ni u hali gani kijana. Alidhani anatukanwa. Baada ya miezi sita anaongea hivyohivyo, mama yake haelewi nusu.

Giza

Baridi ya Aberdeen siyo ile unayodhani, barafu siyo kila siku, shida ni upepo wa bahari na giza. Tarehe 21 Desemba jua linatoka karibu saa 3 kasoro robo asubuhi, linazama saa 9 na nusu alasiri. Mtoto anakwenda shule gizani anarudi linaingia. Leicester siku hiyohiyo jua linatoka saa 2 na robo na kuzama saa 10 kasoro dakika chache, inazidi Aberdeen kama saa nzima, na hiyo saa moja utaisikia mwilini. Mwaka wa kwanza kijana wa mdogo wangu Desemba aligoma kutoka chumbani wikendi, hali, hacheki, mama akadhani ni simu. Walipomwandikisha mpira wa kikapu wa ndani Jumanne na Alhamisi akarudi kuwa mtu. Kwa hiyo ukienda kaskazini mtafutie kitu cha ndani cha kufanya kabla ya Oktoba, usisubiri umwone kaanza kunyong'onyea. Juni mambo yanageuka, saa 4 usiku bado mwanga, nunua mapazia mazito. Na majengo yao ya mawe ya kijivu mvua ikikata jua likapiga yanang'aa kama yana chumvi, pazuri hasa, bahari iko palepale mwisho wa mji.

Chuo kikuu na makaratasi

Hapa wengi tunaumia kwa sababu tunafikiria shule ya kesho asubuhi tunasahau mtoto wa 14 miaka minne ijayo ana 18. England ada ya mkazi kwa mwaka 2025/26 mwisho ilikuwa £9,535 na kuna mkopo wa serikali. Lakini mtoto aliyekuja kwa viza yako ya kazi, kama siku ya kwanza ya chuo bado hana makazi ya kudumu, kwa kawaida anahesabiwa mwanafunzi wa kigeni, na hiyo ada inaweza kuwa mara mbili au zaidi, na mkopo hakuna. Njia ya viza ya kazi imekuwa miaka 5 kufikia makazi ya kudumu, na Mei 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuifanya 10 kwa watu wengi. Kaa na kalenda, hesabu. Sisi tulifika Agosti 2021, chuo cha binti ni Septemba 2026, miaka mitano inatimia mwezi mmoja kabla, na huo mwezi mmoja ndo unaoniamsha usiku. Ukiona mahesabu hayakai, kijana anaweza kufanya kazi mwaka mmoja baada ya A level ndo aende, heri hivyo kuliko kuuza kiwanja.

Scotland digrii ya kwanza ni miaka 4 na wanaohesabiwa wakazi wa kule wakisoma kulekule ada inalipwa na serikali yao. Ndo maana watu wanasema Scotland chuo bure, lakini na huko masharti ya nani anahesabiwa mkazi ni yao wenyewe, uliza chuo chenyewe mapema, S4 siyo S6. Aberdeen ina vyuo vikuu viwili, kimoja cha tangu 1495, mtoto anaweza kusoma akiwa nyumbani. Leicester vilevile viwili. Reading kimoja na kizuri. Milton Keynes ina makao makuu ya Open University ambayo ni ya kusoma kwa mbali, kwa hiyo wa kwako huenda akaondoka.

Na kama unakuja mzazi mmoja kama mimi, andaa ushahidi wa malezi kabla hata ya kuchagua mji, viza ya mtoto inataka uonyeshe kwamba wewe ndo mwenye jukumu lake peke yako, au baba yake naye awe anakuja. Hilo lilituchelewesha miezi miwili na ndo lilifanya tukose kuchagua shule.

Jambo la mwisho kuhusu kuhamahama. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa nyumba ya wazee, una kipengele kwamba nikiondoka kabla ya miaka miwili narudisha gharama za kuniajiri. Nililipa kwa mafungu, na viza ikabidi iombwe upya kwa mwajiri mpya. Soma kipengele hicho kabla hujasaini, kwa sababu ukikosea mji, hicho ndo kitakachokufunga pale mpaka mtoto afike mitihani.

Sasa mwenzangu yule wa Dar nilimwambiaje. Nikamwambia kwa wangu mimi, aliyefika na 13, Leicester, na ningerudia tena ningeanzia hapa moja kwa moja. Kwa wako wa Juni 2010, chukua Aberdeen, na omba waajiri wakusogezee mpaka Mei au Juni, kwa sababu shule nyingi za huko wakimaliza mitihani wanaanza ratiba ya mwaka unaofuata mwezi huohuo wa Juni, ataingia S5 na wenzie wakiwa ndo kwanza wanaanza, atakuwa na National 5 na Higher mbele yake na miaka miwili ya kuzifanya, na jua linazama saa 4 usiku. Januari asije. Amalize form three yake vizuri, na kuanzia sasa hesabu asome kwa Kiingereza kila siku. Kaniambia kashawaandikia, wanamjibu Jumatatu.